Nimechoka na trela: naomba njia za baiskeli zisizo na magari, Nakuru hadi Magharibi

Binti_Lanet

Wadau, hamjambo. Naombeni ushauri, na tafadhali mtu asinitume Hell's Gate. Nimezunguka huko hadi pundamilia wananijua.

Miezi mitano iliyopita nilinunua baiskeli ya changarawe, ya mtumba, ile yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Tairi ni za milimita 40, breki za diski. Naishi Lanet, kwa hiyo nikitoka tu nyumbani niko kwenye barabara kuu. Jumapili iliyopita kioo cha matatu kilinipapasa kiwiko. Sikuanguka. Nilikaa kando ya barabara karibu robo saa nikiutazama mkono. Hata mchubuko haukuwepo, lakini magoti yalikuwa yanacheza yenyewe.

Natafuta njia za vumbi, kilomita 50 au 60 hivi. Milima haina shida (nadanganya, ina shida, ila ni afadhali mlima kuliko trela). Huwa naenda peke yangu. Nikipata gari la kunibeba niko tayari kufika Nandi, Kakamega, hata Kisumu. Kwenye ramani naona vijia tele. Nitajuaje kipi kina magari na kipi hakina?

Kipara_wa_Free_Area

Uza hiyo, nunua pikipiki.

FundiSpoki

Dada, huyo mpuuze. Kabla ya njia tuongee gia. Hesabu meno ya gia: ya mbele ina mangapi, na kubwa kabisa ya nyuma ina mangapi? Baiskeli nyingi za mtumba zinazonifikia huwa na 42 mbele na 34 nyuma. Hiyo ni ya tambarare. Kwa vilima vya huku unataka nyuma iwe sawa na mbele au izidi, la sivyo utazunguka mashamba ya watu ukiisukuma.

Upepo nao usijaze hadi tairi iwe jiwe. Kama una kilo 65 au 70, anza na psi 35 kwenye tairi ya nyuma, ya mbele punguza kidogo, upime mwenyewe. Na kama bado unatumia tyubu, beba mbili. Miiba ya migunga ya Bonde la Ufa haina adabu.

Mzee_wa_Mau

Binti, pole kwa kioo. Mimi nimepanda baiskeli upande wa Njoro tangu enzi za zile nyeusi zenye breki za vyuma, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Watu hufungua ramani wakatafuta barabara nyembamba. Wanakosea. Barabara nyembamba inayounganisha masoko mawili ina Probox na bodaboda kutwa. Wewe tafuta barabara iliyokatika. Ifuate kwa picha ya setilaiti hadi mtoni. Ukiona barabara upande huu, barabara upande ule, na katikati hakuna daraja la gari, hapo ndipo pako. Gogo au kivuko cha miguu hakikosekani, kwa sababu watoto wa shule hawana mabawa. Wewe unabeba baiskeli begani, unavuka, unaendelea. Gari halina la kufanya huko, isipokuwa la mwenye shamba akirudi kwake.

Kwa kuanzia, bebwa hadi Njoro. Uko juu ya mita 2,100 tayari. Ukipanda kuelekea Mau Narok unafika zaidi ya mita 2,700, na pumzi utaitafuta. Lami iache, ingia njia za ndani katikati ya ngano, shayiri na viazi. Mto Njoro unatoka huko Mau ukishuka hadi Ziwa Nakuru, na vijito vyake ndivyo vinavyokata barabara kwa faida yako.

Angalizo moja ambalo ramani haina: viazi. Wakati wa kuchimba, njia iliyokuwa kimya mwezi uliopita inajaa lori, na lori zikipita kwenye tope zinaacha mifereji miwili. Jua likiwaka, mifereji inakauka ikawa kama reli. Gurudumu likitumbukia humo kwenye mteremko halitoki, na ukilazimisha usukani unatangulia wewe. Nina kovu la kidevu la kuonyesha.

Reli_ya_Kale

Mbona hamtaji njia ya kando ya reli? Njoro, Elburgon, Molo. Reli hii ilifika Kisumu 1901, na garimoshi haliwezi mlima mkali, kwa hiyo mpando wake ni wa taratibu mno. Hakuna matatu, hakuna matuta.

Mzee_wa_Mau

Hatutaji kwa sababu garimoshi la mizigo bado linapita, na ile si njia ya umma. Ukishaingia kwenye daraja huna pa kukwepea. Tena likishuka mteremko halingurumi kama unavyodhani. Kijana, usimponze binti wa watu.

Reli_ya_Kale

Sawa mzee, nimekubali daraja. Lakini mpando ni mtamu.

Nyar_Kano

Niko Kisumu, na mimi pia hupanda peke yangu. Tambarare ya Kano inavutia kwenye ramani, njia za mashamba ya miwa zimenyooka kama rula. Wakati wa ukavu ni raha. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unanata kwenye tairi tabaka juu ya tabaka hadi gurudumu linagoma kupita kwenye fremu. Siku moja nilichokonoa tope kwa mswaki wa mti kila mita hamsini, nikaishia kubeba baiskeli yenye uzito wa mbuzi. Huku mvua hupenda kuja alasiri, kwa hiyo toka saa kumi na mbili asubuhi, saa sita uwe umeketi mahali unakula samaki.

Msimu wa kuvuna miwa, trekta hazikuoni. Miwa imefurika pande zote mbili, dereva anatazama mbele tu. Shuka, simama kwenye majani, mpishe. Ukitaka vilima bila miwa, panda Riat au Kajulu mapema. Jiji liko mita 1,131 kwa hiyo hewa ipo ya kutosha, ila jua halina huruma.

Kuhusu kuwa peke yako: mimi nikifika penye nyumba nasalimu kila mtu, hata aliye mbali shambani. Nanunua ndizi kwenye kibanda cha mwisho kabla ya njia tupu, namwambia mama pale ninakoelekea na saa ninayotarajia kutokea upande wa pili. Si lazima iwe saa ya kweli. Cha maana, mtu anajua nimepita.

Mwana_Shinyalu

Mulembe. Mkija kwetu mjue jambo moja: magari machache, watu wengi. Vihiga, katika sensa ya 2019, ilikuwa na zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba, na wote wana shughuli barabarani. Utapita kuku, ng'ombe, harusi, mazishi, na watoto wakikukimbilia kila kona. Breki ziwe nzima. Vilima vya Maragoli na Bunyore ni vifupi lakini vikali, mawe makubwa kila mahali.

Utulivu wenyewe uko Msitu wa Kakamega, vijia vya karibu na Isecheno. Lipa kiingilio, uliza askari wa msitu kijia kipi kinaruhusu baiskeli, maana si vyote. Chini ya miti kunakuwa baridi na giza hata saa nne asubuhi, na mizizi iliyolowa inateleza kuliko sabuni.

Na Jumamosi asubuhi ukisikia ngoma za isukuti, simama uulize. Kuna uwezekano mafahali wa kupigana wanaletwa kwa barabara hiyohiyo, na kijiji kizima nyuma yao.

Chai_ya_Nandi

Nandi Hills hamjaitendea haki. Njia za ndani ya mashamba ya chai ndizo bora, murram iliyoshindiliwa, kona baada ya kona, kijani mpaka macho yanapumzika. Lakini ni mali ya kampuni, kwa hiyo omba ruhusa getini. Ukikataliwa usibishane, kuna njia za wakulima wadogo. Asubuhi ni kimya, lori za kubeba majani huanza kuzunguka vituo vya kununulia alasiri. Na wingu likiwa jeusi jifiche, mvua ya mawe ya huku inapasua majani ya chai, sembuse shingo.

Binti_Lanet

Nimerudi. Samahani kwa kimya cha wiki mbili.

FundiSpoki, nilihesabu: 42 mbele, 34 nyuma, kama ulivyosema. Nilienda hivyohivyo na mapaja bado yananilaumu.

Nilimfuata Mzee wa Mau. Nilibebwa hadi Njoro, nikaingia ndani, na baada ya kilomita kumi na tatu barabara ikafa kweli. Ilishuka kwenye miti, ikafika kijitoni, ikaisha. Magogo mawili yamelazwa sambamba, yamefungwa kwa waya, katikati yamelika kwa miguu ya watu. Ng'ambo alikuwa mzee na punda mwenye mitungi miwili ya maziwa, anangoja. Nilimwambia apite yeye kwanza. Akanicheka: punda havuki gogo, anavuka majini, yeye anangoja mimi nipite aone kama nitaanguka. Nilivua viatu (chini vina chuma, vingeniteleza), nikabeba baiskeli begani, nikavuka kwa soksi. Mzee akasema kwa mwendo huo maziwa yake yangeganda.

Kilomita 47 kwa jumla. Nilihesabu: trekta moja, bodaboda nne, Probox sifuri. Nilisukuma mara tatu. Mwiba mmoja, tairi ya nyuma, na tyubu ya pili ikaokoa siku.

Fundi, gia ya nyuma ya meno 42 itakubali mkono wa gia nilio nao (ule unaohamisha mnyororo nyuma), au ninunue vyote viwili?

FundiSpoki

Mkono mfupi hautakubali. Nitumie picha. Ukikuta mfuko hauruhusu, tubadilishe ya mbele iwe 36, ni nafuu zaidi.

Nyar_Kano

Soksi za rangi gani, na ziko wapi sasa?

Binti_Lanet

Zilikuwa nyeupe. Jumamosi narudi Njoro, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukutane kituo cha reli. Reli_ya_Kale, na wewe njoo, ila utaishia kituoni kuitazama tu. Kila mtu na tyubu yake.

Kipara_wa_Free_Area

Baiskeli ya kukodi inapatikana wapi?