Filamu ya Juno: mimba ya mwanafunzi ni kitu cha kuchekea?

Baba wa Ipagala (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadiliane kwa hoja, matusi tuwaachie wapiga debe wa Sabasaba.

Jumamosi umeme uliporudi, binti yangu wa kidato cha tatu aliniomba tutazame filamu aliyowekewa na mwenzake kwenye flashi. Inaitwa Juno, ya Marekani, ya mwaka 2007. Nilidhani ni mambo ya shule. Dakika kumi hazijafika, binti wa miaka 16 yuko chooni dukani anapima mimba, na muuza duka anamtania kama vile amekuja kununua sabuni.

Kwa ambao hamjaiona: Juno amepata mimba na mwanafunzi mwenzake, kijana mpole anayekimbia riadha na kutafuna pipi. Anakwenda kliniki kuitoa, anaghairi. Anafungua gazeti la matangazo, anawaona mke na mume wanaotafuta mtoto wa kuasili, na anaamua kuwapa. Yote hayo kwa vichekesho, na simu yake imetengenezwa mfano wa mkate wenye nyama katikati.

Kuna mahali anawakalisha baba na mama wa kambo awaambie. Akishatoka, wale wazazi wanakiri walivyokuwa wakiomba kimoyomoyo: angalau iwe kafukuzwa shule, au dawa za kulevya. Binti yangu alicheka mpaka akashika tumbo, mimi koo lilikauka. Kwa wale wazazi, kufukuzwa shule ni afadhali kuliko mimba. Kwetu mimba ndiyo ilikuwa kufukuzwa shule kwenyewe, mpaka ulipotoka waraka wa serikali wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu kurudi.

Ilipoisha akaniuliza: "Baba, ningekuwa mimi?"

Sasa nauliza: jambo hili ni la kufanyia vichekesho? Na kijana wa Dodoma akitaka kutengeneza filamu ya namna hii hapa, aachwe?

Mzee wa Makole

Asiachwe. Nimefundisha miaka 31, Mpwapwa na Kongwa. Nimewasindikiza mabinti na masanduku yao ya bati mpaka barabarani, wengine walikuwa wa kwanza darasani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akicheka. Filamu inayomwonyesha binti mwenye mimba akitembea korido ya shule huku anarusha maneno ya utani inawaambia watoto kwamba hii ni safari ya miezi tisa, kisha unakabidhi mzigo na kurudi kupiga gitaa na mchumba wako. Maana ndivyo inavyoisha, nimeiona. Mtoto huko aliko hata hatumsikii akilia usiku.

Nasema kama mzazi. Sisemi kwa chuki.

Kibanda cha Majengo

Shikamoo mzee. Mimi naonyesha filamu Majengo, kiingilio mnakijua. Hii siwezi kuiweka: hakuna bunduki, hakuna mtu anayeruka ghorofani. Labda apatikane mtafsiri wa kuiingizia sauti, yule wa kumfanya baba mtu aongee Kigogo: "Mbukwenyi, nani kamharibia binti yangu?" Hapo kibanda kinajaa.

Lakini ngoja niseme la maana. Watu wa huku wanachekea mimba kila siku. Nenda kwenye ngoma, nenda kilabuni, sikiliza wanavyomwimba binti wa fulani. Tunachokataa ni binti mwenyewe kucheka.

Muuguzi RCH

Mleta mada hujasema ulimjibu nini mtoto. Tutarudi hapo.

Kazi yangu ni kliniki ya wajawazito, wilaya siitaji. Kinachonikera katika filamu hiyo ni wepesi wa kujifungua: anapiga kelele kidogo, anatukana kidogo, mtoto huyo. Binti wa miaka 15 au 16 nyonga haijakomaa. Kifafa cha mimba kinawaandama zaidi wao, na uchungu ukikaa siku mbili kijijini bila gari la wagonjwa, fistula hiyo inabisha hodi. Filamu ya hapa ikifika sehemu hiyo itaacha kuchekesha yenyewe, bila kuzuiwa na Bodi ya Filamu.

Ila kuna kipande kimenichoma. Juno yuko kwenye ultrasaundi na mama wa kambo. Mpimaji anatoa kauli kwamba ni heri mtoto apewe watu wengine, maana mabinti hawa hawana mazingira ya kulea. Mama wa kambo, fundi wa kucha tu, anamshukia mpimaji yule kama mwewe. Nilisimamisha filamu, nikaenda jikoni kuchochea chai isiyohitaji kuchochewa. Yule mpimaji ni mimi. Si mara moja nimemuuliza mtoto wa watu mbele ya foleni, "Mwenzako yuko wapi? Hukuyajua haya?" Na siku ile sikuona mama wa kambo wa kunishukia.

Mzee wa Makole

Muuguzi, kumkanya si kosa.

Muuguzi RCH

Mzee wangu, tumbo limeshafika miezi sita. Namkanya asifanye nini?

Binti wa Kizota

Nimesoma kimya, sasa naomba niseme. Mimi nilipata mimba kidato cha pili, 2018. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Rais Magufuli kusema hadharani kwamba katika uongozi wake mwanafunzi aliyezaa harudi shule. Shuleni kwetu tulipangwa mstari, tukaminywa matumbo mmoja mmoja. Wenzangu walinijua kabla mama hajanijua.

Mzee wa Makole, umesema hakuna aliyecheka. Mimi nilicheka. Siku nilipofukuzwa, mimi na rafiki yangu tulikaa chini ya mbuyu tukacheka mpaka machozi, kwa sababu barua ilikosewa jina na kwa dakika chache tukasema labda aliyefukuzwa ni mwingine. Nilikuwa na miaka 15. Mlitaka nilie saa ngapi na nipumzike saa ngapi?

Kuhusu yule kijana wa pipi. Kwenye filamu anaendelea kukimbia riadha, tumbo liko upande mmoja tu. Hapo wala si Marekani, hapo ni Tanzania tupu. Aliyenipa mimba mimi hakuwa mwanafunzi, alikuwa na pikipiki na miaka 27. Sheria ya Elimu ilisharekebishwa 2016, anayempa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Alipita Manyoni hajaonekana tena, na nyumbani walishapokea mbuzi wawili.

Mtoto wangu amelelewa na bibi yake. Mpaka juzi aliniita dada.

Kibanda cha Majengo

Pole sana dada. Utani wangu wa juu naufuta.

Mwanasheria Area C

Mchango mfupi. Waraka wa 2021 unamruhusu binti kurudi mfumo rasmi, na mwongozo wa 2022 ukaweka kwamba arudi ndani ya miaka miwili. Kabla ya hapo njia ilikuwa QT, ule mtihani wa maarifa wa wasio shuleni, na masomo ya watu wazima. Ila ni waraka, na waraka huandikwa upya na waziri mwingine. Halafu Sheria ya Ndoa ya 1971 bado inataja miaka 15 kwa msichana, ingawa Mahakama ya Rufani ilishasema 2019 kifungu hicho kirekebishwe. Kwa hiyo mtoto huyohuyo ni mwanafunzi wa kulindwa kwa miaka 30 ya jela, na akiwa nje ya shule ni bibi harusi.

Kuasili kupo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, kupitia ustawi wa jamii na mahakama. Kutangaza gazetini kama kiwanja, hapana.

Binti wa Kizota

Na yule mume wa wale wanaotaka kuasili mmemwona? Anamwita binti mjamzito chini kwenye chumba cha muziki, anacheza naye, kisha anamwambia anamwacha mkewe. Watu wanasema filamu inafundisha mimba. Mimi nimeona inafundisha fataki, mtu mzima anayewanyemelea wanafunzi, anavyofanana: hana sura ya fataki, ana gitaa na anakusikiliza. Laiti ningeionyeshwa nikiwa kidato cha kwanza.

Mzee wa Makole

Hilo nakubali, na sikulitazama hivyo. Kwa watu wazima na walimu naona ipite. Kwa watoto bado nakataa, mtanisamehe.

Muuguzi RCH

Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba. Mzee, watoto hao hawakuiona filamu hii.

Na wewe Baba wa Ipagala, umetufungulia mlango ukajificha uvunguni. Ulimjibu nini mwanao?

Baba wa Ipagala

Nipo, nasoma. Nilimwambia kesho kuna kanisa, akalale.

Binti wa Kizota

Na yeye?

Baba wa Ipagala

Alizima taa akaenda. Flashi amerudisha kwa mwenzake. Tangu hapo ananisalimia vizuri tu.

Binti wa Kizota

Mimi pia nilimsalimia mama vizuri miezi minne. Kesho daladala yake ni saa ngapi?

Baba wa Ipagala

Saa kumi na mbili kasorobo.

Binti wa Kizota

Basi amka saa kumi na moja, baba.