Jeki ya tani 3 inashuka yenyewe: tuitengeneze au tuitupe?

FundiTemeke:
Mafundi wenzangu, habari za kazi. Jeki yetu ya magurudumu ya tani 3 inanyanyua gari, lakini baada ya dakika chache huanza kushuka taratibu ingawa skrubu ya kushushia imekazwa. Wiki iliyopita kijana wetu aliiongezea oili ya breki, na sasa hata mpini umekuwa mlaini. Je, inatengenezeka? Kama haitengenezeki, tuipeleke wapi?

MzeeWaGereji:
Ndugu, hiyo oili ya breki ndiyo ya kuondoa kwanza, kwa sababu mpira wa sili za jeki, yaani vizibo vya kuzuia oili isivuje, kwa kawaida ni wa kuhimili oili ya madini, na ukikutana na oili ya breki huvimba na kulainika. Imwageni yote, badilisheni sili, kisha mjaze oili ya haidroliki pistoni ikiwa imeshuka kabisa. Ulaini wa mpini ni hewa iliyonaswa ndani ya oili; ili kuitoa: Legezeni skrubu na mpampu mara kumi na tano hivi bila mzigo.

Ikiendelea kushuka, ifuteni pistoni ikauke, muipe mzigo na kuitazama: ikilowa shingoni, sili ya juu inavuja, lakini ikibaki kavu, aghalabu oili inarudi ndani kupitia kwenye gololi ya valvu, ambako chembe moja ya uchafu inatosha kuizuia isikae sawasawa. Tafadhali, mtu yeyote asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata jeki mpya, stendi za kushikilia gari ziwepo.

DukaLaSpea:
Naongeza kwamba pistoni yenye mikwaruzo inayonasa ukucha itakula sili mpya pia, kwa hiyo hapo msipoteze fedha. Sisi tuliwahi kuuza jeki mbovu nzima kama chuma chakavu, na baadaye tukaikuta barabarani imepakwa rangi, inauzwa. Iliniuma sana. Siku hizi tunamwaga oili, tunafungua silinda na kuikata fremu kabla ya kuitoa. Msikate kwa gesi silinda iliyofungwa yenye oili, kwani inaweza kupasuka. Oili iliyochanganyika na ya breki muiweke kwenye dumu lake lenye mfuniko na kumkabidhi mkusanyaji mwenye kibali, wala isimwagwe mtaroni.

FundiTemeke:
Asanteni sana. Nimepitisha ukucha kwenye pistoni, umenasa sehemu mbili. Dumu tumeshalitenga, na kesho asubuhi tunaikata fremu.