Mliotuuzia "kiamsha mbegu cha asili" huku Songea, mahindi yangu yako wapi?

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira na naandika hivyohivyo.

Mwishoni mwa Novemba ilikuja gari yenye spika gulioni kwetu, Songea Vijijini. Vijana wa fulana za kijani, meza imejaa chupa za nusu lita juani: dawa ya asili ya kuloweka mbegu. Mahindi, soya, alizeti, nyanya, mpunga, hakuna isichokiweza. Ukiloweka unavuna mara mbili na mbolea unaisahau. Chupa 35,000. Nikabeba tatu, mimi mwenye akili zangu timamu, maana hela ya mbolea ilikuwa haijatimia na maneno yale yaligusa palepale panapouma.

Kipeperushi kinasema: loweka saa 24, anika juani "zipate nguvu", panda. Mbegu yangu ilikuwa chotara ya dukani, ile ya rangi ya pinki. Asubuhi mama watoto akachungulia ndoo: "Mbona rangi yote imehamia kwenye maji?" Nikamwambia aniachie mambo ya kitaalamu. Wakuu, rangi ile huwekwa pamoja na dawa ya ukungu na wadudu inayopakwa kiwandani. Yaani nililipia mbegu yenye dawa, halafu nikalipia na chupa ya kuiosha!

Ndoo ilijaa, kilo kama mbili zikabaki kavu. Nikazipanda vilevile, mistari ya mwisho kando ya njia. Mvua ikakata siku tisa. Zile kavu zilitulia ardhini, mvua iliporudi zikatoka zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Zilizolowekwa zilikuwa zimeshaamka, zikakuta udongo mkavu. Nilifukua mwenyewe: hii imeoza, ile mchwa kaila. Nikahesabu mashimo 100, yenye mche 38. Heka mbili, wakuu. Kurudishia nimerudishia kwa mbegu ya kukopa.

Na msije mkasema napinga kuloweka. Chukua mbegu isiyopakwa dawa, iloweke usiku mmoja, ikaushe maji ya juu kivulini, uipande siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu, itawahi kuota. Ila hiyo ni kazi ya maji. Maji matupu ya kisimani!

Sasa soya, hapo ndipo niliposhikwa hasira kabisa. Lebo inasema mna "bakteria wa rhizobia wanaonasa naitrojeni hewani, teknolojia mpya kabisa". Mpya ipi? Mholanzi Beijerinck aliwatoa bakteria hao kwenye vinundu vya mizizi mwaka 1888. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, waliwahi kutengeneza dawa ya bakteria hao kwa ajili ya soya, wakaiita Nitrosua. Ni kitu cha kweli, kinasaidia hasa shamba ambalo halijawahi kupandwa soya. Lakini rhizobia wanajenga vinundu kwenye jamii ya kunde. Kwenye mahindi, mpunga na nyanya hawana chumba cha kulala! Tena ni viumbe hai: wanataka ubaridi, mbegu inachanganywa kivulini, inapandwa siku hiyohiyo na kufukiwa mara moja. Ninyi mmewaanika gulioni kutwa, kisha mnatuagiza tuwaanike tena na mbegu. Mmetuuzia maiti.

Soya yangu niliyoiloweka ilipotoa maua niling'oa mashina kumi. Vinundu vya kuhesabu kwa vidole, nikavipasua kwa kisu, ndani vyeupe. Kinundu kinachofanya kazi ukikipasua ni chekundu kama nyama. Jaribuni wenyewe, hakihitaji maabara.

Halafu hili la kusahau mbolea. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Chupa yenu hata ingekuwa naitrojeni tupu haifiki hata kilo. Najua mtasema bakteria ndio wataileta. Watakaa wapi kwenye mhindi, nimeshauliza.

Nilipompigia wakala alisema udongo wangu umechoka. Nikamuuliza, mbona mistari ya kando ya njia ni udongo uleule? Kimya. Kesho yake nikakuta nimetolewa kwenye grupu la WhatsApp, na mzee mmoja aliyeuliza swali kama langu naye katolewa. Nikaigeuza chupa kutafuta namba ya usajili, haipo. Tarehe ya mwisho wa matumizi, haipo. Kuna picha ya jani na neno ASILI kwa herufi kubwa, basi. Mbolea za asili nazo zinatakiwa kusajiliwa TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea, sasa hii ilipitaje?

Mods, jina la kampuni sijaandika, kwa hiyo msiufute uzi. Waliolowesha wa Namtumbo na Mbinga semeni yenu yameota mangapi, na kama mbegu ilikuwa ya rangi au ya kienyeji. Chupa moja bado sijaifungua, nimeihifadhi ndani kwenye mtungi. Kama yupo anayekwenda Morogoro na anaweza kuifikisha maabara pale SUA, aje PM. Nauli ya kifurushi nalipa mimi.