Diski ya muvi 100 bora: nichukue za watazamaji au za wahakiki?

Ngosha wa Nyakato: Wakuu, heshima kwenu. Kuna jamaa anajaza muvi pale Makoroboi, ana vifurushi viwili, kila kimoja elfu ishirini na tano. Cha kwanza ni muvi 100 bora kwa kura za watazamaji kwenye IMDb, ule mtandao wa muvi, kinaongozwa na The Shawshank Redemption. Cha pili ni 100 bora za wahakiki, zile za jarida la Sight and Sound la Uingereza. Hela ninayo ya kimoja tu na kesho naenda kulipia. Aibu niitoe mapema: sijaona The Godfather wala Citizen Kane. Kijiweni wakizitaja natikisa kichwa kama nimo. Nichukue kipi?

Kijana wa Buzuruga: Ngoja waje wajuzi.

DagaaMkavu: Mleta uzi umetuletea panki tupu, yaani mifupa ya sangara, minofu umebaki nayo. Unaangalia peke yako au na familia? TV yako inasoma diski au flashi tu? Zina maandishi chini au zimeingizwa sauti ya Kiswahili? Bila hayo tunapiga ramli.

Jiwe la Bismarck: Hakuna cha ramli, achukue za wahakiki. Kura yao inapigwa kila miaka 10 tangu 1952. Citizen Kane ya 1941 ilikalia kiti kuanzia 1962, ikaondolewa na Vertigo mwaka 2012. Mwaka 2022 ikapanda Jeanne Dielman ya mama wa Kibelgiji, Chantal Akerman. Hao watu wanafikiri, wanabadilika. Huko kwingine Shawshank imekaa juu miaka nenda rudi kama mwenyekiti wa mtaa asiye na mpinzani.

Mjomba wa Igoma: Bismarck, hiyo Jeanne Dielman umeiona? Sema kweli yako.

Jiwe la Bismarck: Nusu saa. Mama kabandika viazi, wakala na mwanawe. Ina saa 3 na dakika 21. Nitaimalizia.

Mjomba wa Igoma: Hahaha. Basi tulieni niwasimulie. Nilikuwa na kibanda umiza huku Igoma, mpira mia tano, muvi mia tatu. Mpwa wangu akarudi kutoka chuo Dar kichwa kimejaa: "Mjomba, wateja wako unawalisha pumba. Waonyeshe Seven Samurai, ya Kurosawa wa Japani, 1954, mama wa muvi zote za mapigano." Nikachukua chaki nikaandika ubaoni: LEO MASAMURAI SABA, MAPANGA MWANZO MWISHO. Hapo ndipo nilipojiloga. Watu wakajaa: makuli, bodaboda, vijana wa dagaa. Inaanza, nyeusi na nyeupe. Mmoja akaniuliza kama TV imeungua. Saa nzima na ushee wanakijiji wanazunguka kutafuta watu wa kuwalinda na majambazi, na malipo yenyewe wali. Wateja wanauliza stelingi nani, na mimi sijui, ndiyo kwanza naiona! Kumbe ile muvi katikati ina mapumziko. Kioo kinabaki na maandishi ya Kijapani, unapigwa muziki mtupu. Watu wakasimama: imeisha! Imeisha na vita hatujaiona! Tupe chetu! Nikabonyeza isogee mbele, ikaganda. Nikarudisha mia tatu tatu kwa watu arobaini na kitu. Hata mmoja aliyeingia bure alidai, nikampa ili yaishe. Ilipokubali kwenda tulikuwa tumebaki watano, tukaona ile vita ya mwisho kwenye mvua na matope. Nisiwafiche, ni vita haswa. Ila kibanda nilikifunga mwezi uliofuata.

Dada wa Pasiansi: Pole mjomba, ila kosa si la muvi. Ulikosa msimulizi. Ungeweka sauti ya mtu kama Lufufu, wale Wajapani wangekuwa Wasukuma ndani ya dakika tano.

DagaaMkavu: Dada, wale wanatunga yao. Stelingi anasema "habari", msimulizi anatukana ukoo mzima wa adui.

Dada wa Pasiansi: Na ndiyo raha yake. Mimi Sholay niliiona kwa bibi Ukerewe, Kihindi sikijui hata neno, na Jai alipokufa tulilia mimi na bibi. Ukiuziwa muvi 100 bora na Sholay haimo, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mzee wa Mwaloni: Mnagombania Japani na Ubelgiji. Ile iliyopigwa hapa hapa Mwanza, Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, 2004, ikafika hadi kugombea Oscar, nani kaiona? Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea, mji huu ukaandamana. Nami nilikuwemo.

Kijana wa Buzuruga: Shikamoo mzee. Ilikuwaje hiyo muvi?

Mzee wa Mwaloni: Marahaba. Sijaiona.

Kijana wa Buzuruga: Uliandamana kupinga muvi ambayo hujaiona?

Mzee wa Mwaloni: Tuliambiwa inasema tunakula mapanki. Na mapanki tulikuwa tunakula, asubuhi ile ile nilikuwa nimetoka kuyala.

DagaaMkavu: Mzee, hasira ilikuwa kuonyeshwa kama ndiyo chakula pekee tulichoachiwa, minofu yote inapanda ndege kwenda Ulaya. Nayo si filamu ya stelingi, ni ya hali halisi, usiichanganye na hizi.

Dada wa Pasiansi: Panki likikaangwa vizuri, na pilipili na ndimu, mimi sitaki minofu yako.

Ngosha wa Nyakato: Samahanini, nilikuwa kazini. TV ni inchi 24, inasoma flashi tu, yangu ni GB 32. Tunaangalia na mama mkwe, yuko kwetu mwezi mzima.

Jiwe la Bismarck: Mama mkwe?! Godfather ina kichwa cha farasi kitandani, ndugu yangu.

DagaaMkavu: Na muvi 100 zinaingiaje GB 32?

Ngosha wa Nyakato: Jamaa anasema atazibana. Mama mwenyewe anaulizia za Kanumba. Kwa hiyo wakuu, nichukue kipi?

Mzee wa Mwaloni: Wewe wa Igoma, hiyo ya Wajapani bado unayo?

Mjomba wa Igoma: Ninayo, mzee wangu. Ila bado inaganda pale pale kwenye mapumziko.

Mzee wa Mwaloni: Haidhuru. Nitakuja na mapanki, tukingoja ikubali tunakula.

Dada wa Pasiansi: Jumamosi saa ngapi?