Blakijeki ya pakiti 6: hesabu ikifika +9 niweke dau gani?

Kopa_Nyekundu:
Wakuu, swali kwa wanaoijua blakijeki ya Las Vegas, ule mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kuzidi. Natumia Hi-Lo, njia ya kuhesabu karata zinazotoka: 2 hadi 6 ni +1, 7 hadi 9 sifuri, 10, picha na ree ni −1. Kuhesabu hakunisumbui. Ninapokwama ni kwenye dau. Hesabu ikifika +9 naongeza, na bado pesa inakwenda. Nakosea wapi?

MtajiKwanza:
Mkuu, hiyo +9 bado ni mbichi. Lazima uigawe kwa pakiti ambazo hazijachezwa. Tazama sanduku la karata zilizokwisha kutumika: likiwa na pakiti 1 na nusu, zimebaki 4 na nusu, kwa hiyo hesabu halisi ni +2. Likiwa na pakiti 4, zimebaki 2, na +9 ileile inakuwa +4.5. Meza hizi mbili hazifanani hata kidogo.

Ukicheza mkakati wa msingi (jedwali la uamuzi bora kwa kila mkono) bila kosa, kasino inakuzidi kwa karibu nusu asilimia. Kila pointi moja halisi inakurudishia karibu nusu asilimia. Ndiyo maana kwenye +1 mnalingana tu, na faida inaanzia +2. Kwa dau dogo la dola 10: hadi +1 weka 10, +2 weka 40, +3 weka 80, +4 na kuendelea 120. Andaa mtaji usiopungua dau dogo mara 1,000, kwa sababu unachotarajia ni kama dau dogo moja kwa saa, ilhali saa hiyohiyo unaweza kupanda au kushuka madau madogo 30. Kupoteza siku kadhaa mfululizo si ushahidi kwamba umekosea.

Shupaza7:
Naongeza: kabla ya kukaa soma maandishi ya mezani. Blakijeki yenyewe (ree na karata ya thamani ya 10) ikilipwa 6 kwa 5, ondoka. Kwa dola 10 unapata 12 badala ya 15, na blakijeki huja kama mara moja katika mikono 21. Dola 3 kwa kila dola 210 ni karibu asilimia 1.4, inameza faida yote unayoitafuta. Mashine inayochanganya karata mfululizo nayo iache. Karata zikirudi humo, hesabu yako haina maana. Halafu angalia karata ya kukatia, inayoonyesha wapi mgawaji ataacha kugawa na kuchanganya upya, imewekwa wapi. Ikiacha pakiti 2 nyuma, hesabu nzuri utaziona mara chache mno. Tafuta inayoacha 1 au 1 na nusu.

Kopa_Nyekundu:
Shukrani sana. Na bima, lile dau la pembeni mgawaji akionyesha ree?

MtajiKwanza:
Inalipa 2 kwa 1, kwa hiyo inafaa pale tu karata za thamani ya 10 zinapozidi theluthi ya zilizobaki. Mwanzoni ni 96 kati ya 312, hazifiki. Chukua kuanzia +3 halisi, hata kama mkono wako mbovu. Na 16 dhidi ya 10 ya mgawaji: hesabu ikiwa juu ya sifuri, baki, usiombe karata nyingine.

Shupaza7:
Mazoezi: chomoa karata moja bila kuitazama, pitisha 51 zilizobaki chini ya sekunde 30. Ukiishia +1, iliyofichwa ni kubwa. −1, ni ndogo. Sifuri, ni 7, 8 au 9. Zisome kwa jozi: mfalme na 4 zinafutana, usizihesabu kabisa.

Kuhusu sheria, Nevada kuhesabu kwa kichwa si kosa, ila kasino inaweza kukukataza kucheza. Kutumia kifaa cha kuhesabia, hata simu iliyo mfukoni, ni jinai. Atlantic City, jimbo la New Jersey, hawawezi kukutoa kwa kuhesabu tu, tangu hukumu ya 1982 ya kesi ya Ken Uston, mchezaji aliyehesabu karata. Wanachoweza ni kuchanganya karata mapema, na hapo +4 yako inayeyuka.