Promota kakalia sura yangu miezi 14, halafu hakuisoma!

Wakubwa, nina hasira na sitaficha. Niko Bukavu, naandika tasnifu ya udaktari juu ya uvuvi wa sambaza wa ziwa Kivu, wale dagaa walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Sura ya tatu nilimkabidhi promota wangu, yaani profesa anayenisimamia, mkononi. Miezi 14! Kila nikipiga simu: "Niko safarini", "Tuonane wiki ijayo". Nimekesha mlangoni pa ofisi yake kama mdai.

Juzi amerudisha. Kasahihisha koma kwenye kurasa nne za mwanzo, mwishoni kaandika "Endelea". Sasa sikilizeni. Kibanda nilikochapishia pale Nyawera kilikosea, ukurasa wa 41 na wa 42 ukabanwa kichwa chini. Anayesoma kweli angekwama hapo, angeuliza. Yeye hata alama hakuweka!

Uchungu wenyewe ni huu. Humo niliandika kwamba mavuno yanaporomoka kwa sababu samaki wamevuliwa kupita kiasi. Nakala nyingine nilimpa mama mmoja mwalimu, ambaye si promota wangu, halipwi kitu, na jina lake halitakuwa kwenye jalada. Siku ya tisa akaniita kwake, akanimiminia chai, akafungua jedwali la pili na kuweka penseli juu ya tarehe.

"Mwanangu, usiku huu mwezi ulikuwaje?"

Nikanyamaza. Sambaza huvutwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, na wavuvi wengi hawatoki kabisa. Tarehe zangu karibu zote za mavuno mabaya ziliangukia mwezi mpevu. Mtoto wa mvuvi angeliona hilo!

Mimi sihitaji kubembelezwa. Nahitaji mtu anayesoma, anayenibishia, na anayerudisha kazi wakati bado naweza kwenda mwaloni kupima upya. Sasa pesa ya kukodi mtumbwi imekwisha, na sura mbili nyingine nimezijenga juu ya kosa lile lile. Na bado promota anataka jina lake litangulie langu kwenye makala!

Kuna humu aliyewahi kubadilisha promota katikati ya kazi? Barua uliiandikaje, na ulimpelekea nani kwanza? Nijibuni tafadhali, nataka kuipeleka wiki hii.