Tupeane uzoefu: kukagua sedani ya kifahari iliyozeeka kabla hujalipia

Wakuu, habari za humu. Natafuta sedani kubwa ya kifahari yenye miaka 15 au zaidi, za akina Mercedes S-Class, BMW 7 Series, Audi A8 na Lexus LS. Bei ya kununua imeshuka hadi kukaribiana na gari dogo la kawaida, lakini vipuri havikushuka nayo, vimebaki vya daraja lile lile. Ndiyo maana naona kuzunguka nalo mtaa mmoja na kusifia viti hakutoshi. Walionunua, waliokataa dakika ya mwisho, na mafundi, tuelezeni mliyoyaona kwa macho yenu.

Kipanga
Mimi namwambia muuzaji mapema asiliwashe kabla sijafika. Nikifika, kitu cha kwanza ni mkono juu ya boneti. Kuna moja nilikuta boneti ina moto licha ya makubaliano. Nikaomba lizimwe, nikasubiri hadi likapoa kabisa, nikaliwasha mwenyewe. Mnyororo wa taimingi (ule unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni) ulipiga kelele kwa sekunde kadhaa na moshi wa bluu ukatoka nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na gari likiutoa baada ya kulala, mara nyingi ni sili za valvu zimechoka: oili huchuruzika kidogo kidogo hadi ndani ya silinda. Injini ikishapata moto hayo yote huweza kupotea usione kitu. Nilimshukuru nikaondoka.

Mama Shufaa
Kwangu ni suspensheni ya hewa. Niliangalia gari jioni, nikaomba liachwe pale pale nirudi asubuhi. Jioni lilisimama sawa pande zote. Asubuhi kona moja ya mbele imelala, bodi imeshuka juu ya tairi. Muuzaji ananiambia, "Dada, liwashe tu litanyanyuka." Na kweli lilinyanyuka! Lakini mfuko wa hewa unaobeba kona hiyo ukivuja, kompresa inayoujaza inafanya kazi bila kupumzika ili kufidia, mwisho nayo inaungua. Nililinunua hata hivyo, baada ya kupunguziwa gharama ya mfuko na kompresa yake, na linanibeba vizuri. Kwa hiyo msikimbie kila kasoro. Ijue, ipigie hesabu, kisha zungumza bei.

Fundi Umeme
Taa ya injini kutowaka si ushahidi wa uzima. Fungua swichi bila kupiga stati: taa za onyo ziwake, na injini ikishawaka zizimike. Ya mifuko ya usalama isipotokea kabisa, shuku kwamba kuna mtu kaichezea.

Halafu chomeka mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Usitazame kodi tu, tazama kama gari limekamilisha majaribio yake ya ndani ya mfumo wa moshi. Ukikuta mengi hayajakamilika, ama kumbukumbu imefutwa karibuni ama betri ilichomolewa. Muulize muuzaji kwa nini, na rudi gari likishatembea.

La tatu watu hulidharau: kandamiza kapeti kwa kiganja na unuse. Mirija ya kutolea maji kwenye kioo cha paa ikiziba, maji huingia ndani, na baadhi ya magari haya yana moduli za umeme (vijikompyuta vinavyoendesha mifumo ya gari) chini ya kapeti au kwenye buti. Nimefungua gari lililong'arishwa vizuri nje, chini ya kiti soketi zote zina kutu ya kijani. Umeme wa namna hiyo unakusumbua miaka, leo kioo cha dirisha, kesho gia.

Na kwa Mercedes E-Class W211 za kabla ya mabadiliko ya 2006, ulizia breki za SBC, zile zinazoendeshwa kwa umeme. Kitengo chake huhesabu mikanyago, na kikifika kikomo hutoa onyo kwamba kinahitaji huduma.

Kibao cha Mbele
Gia boksi jamani. Utaambiwa "oili yake ni ya maisha." ZF, ambao gia boksi zao zimo kwenye BMW, Audi na Jaguar nyingi, wenyewe hushauri kubadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Omba risiti. Kwa Lexus, LS400 na LS430 zina mkanda wa taimingi, LS460 ina mnyororo. Mkanda huzeeka hata gari likiwa limesimama, kwa hiyo kilomita chache zisikutulize.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Fundi, hivi vimashine vidogo vya bei nafuu vinasoma hadi gia boksi na suspensheni?

Fundi Umeme
Vingi vinaishia kwenye injini, mkuu. Tafuta fundi mwenye mashine inayoingia moduli zote za aina hiyo ya gari, na udai ripoti nzima kabla hela haijatoka mfukoni.